Kutoka Mazuku hadi Kisima cha Kufungia: Historia ya Hewa Ukaa Chini ya Ardhi na Lugha ya Sera katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Mjadala wa kunasa, kusafirisha, kutumia na kuhifadhi hewa ukaa ya viwandani umeingia katika Kiswahili kupitia tafsiri za nyaraka za sera. Kwa sababu hiyo umeingia kana kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu. Makala hii inapinga dhana hiyo. Inaonyesha kwamba wakazi wa ukanda wa Maziwa Makuu wameishi na hewa ukaa iliyomo ardhini na majini kwa muda mrefu, wakaipa jina, wakaiogopa, na katika sehemu nyingine wakaichimba na kuiuza. Kwa kuiweka historia hiyo kando ya historia ya teknolojia hizo nne huko Marekani, Norwei, Aljeria na Aislandi, makala inadai kwamba istilahi tunazozichagua leo, hasa kitenzi “kuhifadhi”, zinaficha maswali ambayo wananchi wana haki ya kuyauliza na ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyajibu kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa.

1.0 Utangulizi

Sisi tuliokulia kaskazini mwa Ziwa Kivu tulifundishwa mapema kutoshuka kwenye mabonde madogo alfajiri. Sababu iliyotolewa ilikuwa neno moja tu: mazuku. Mbuzi hushuka kula majani asirudi. Mbwa humfuata mbuzi. Mtoto humfuata mbwa. Mtu mzima anayepita hapohapo akiwa amesimama wima huenda asihisi lolote, kwa kuwa kinachoua kimelala chini, kwenye kimo cha goti, na jua likipanda na upepo ukaanza kuvuma hutawanyika.

Mazuku ni hewa ukaa. Hutoka ardhini kupitia nyufa za lava katika eneo la volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, hasa magharibi mwa Goma kuelekea Sake. Kwa kuwa uzito wake ni takriban mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, hujikusanya katika mashimo usiku usio na upepo. Wataalamu wa volkano waliofanya kazi katika eneo hilo walilichukua neno hilo jinsi lilivyo, na leo linasomeka bila kutafsiriwa katika makala za kisayansi za Kiingereza na Kifaransa, likiambatanishwa na maelezo kwamba ni la Kiswahili na kwamba maana yake ni “upepo mbaya”. Ni nadra kwa Kiswahili kuipa sayansi ya dunia istilahi. Kwa kawaida sisi ndio tunaokopa.

Hata hivyo, katika warsha moja ya kutafsiri rasimu ya sera ya tabianchi niliyoshiriki miaka michache iliyopita, neno hilo halikutajwa hata mara moja. Tulikuwa na kifungu kilichohusu kuingiza hewa ukaa ya viwandani ndani ya miamba. Kitenzi “kuhifadhi” kilipitishwa kwa muda mfupi kuliko muda wa kumimina chai. Rasimu ilipopelekwa kusomwa mbele ya wanakijiji, mzee mmoja alinyosha mkono na kuuliza: “Mnataka kufanya hifadhi hapa. Mtatuhamishia wapi?” Alikuwa amesikia neno alilolijua, lile la Hifadhi ya Taifa, na katika maisha yake hifadhi lilikuwa na maana moja: mipaka mipya na watu kuondolewa mashambani. Wawezeshaji walicheka. Mimi sikucheka, na makala hii imetokana na swali lake.

2.0 Majina ya hewa yenyewe

Kabla ya vitenzi, tuanze na nomino. Hewa tunayoizungumzia ina majina yasiyopungua manne katika Kiswahili cha ukanda huu. Vitabu vya kemia vya Tanzania na Kenya vina “kaboni dioksaidi”, kwa matamshi ya Kiingereza. Waandishi wengine hupendelea “dioksidi ya kaboni”. Katika Kongo, Burundi na kwa wazee wa Rwanda utasikia “gazi kaboniki”, kutokana na Kifaransa. Nyaraka za sera za Tanzania zimelieneza jina “hewa ukaa”, au “hewa ya ukaa”, na jina hilo limepata nguvu zaidi kutokana na biashara ya viwango vya kaboni vya misitu.

Ninalitumia jina hilo la mwisho kwa kuwa ndilo msomaji atakalolikuta mara nyingi katika sera, lakini sina budi kutaja kasoro yake. Asiye mkemia anaposikia “ukaa” anafikiria mkaa, na akifikiria mkaa anakumbuka jiko lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa na familia ikakutwa imekufa asubuhi. Hewa inayoua katika chumba hicho ni nyingine: ni monoksidi ya kaboni, ambayo hushika damu na kuua hata ikiwa kwa kiasi kidogo sana hewani, na ambayo hailali chini kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida. Hewa ukaa ya mazuku inahitaji kuwa asilimia kadhaa ya hewa tunayovuta kabla haijadhuru, na ikifika kiasi cha asilimia kumi humwangusha mtu kwa muda mfupi. Ushauri wa usalama kwa hewa hizi mbili haufanani. Kwa ile ya jiko, fungua dirisha utoke nje. Kwa ile ya mazuku, panda juu. Usishuke, hata kama aliyeanguka ni mwanao. Jina linalochanganya hewa hizi mbili si kosa la kisarufi tu, ni kosa linaloweza kuua.

Kuhusu “mazuku” lenyewe, wapo wanaolihusisha na kitenzi “zuka” na majina “mzuka” na “kizuka”, na msemaji wa Kinyarwanda naye atakumbuka “kuzuka” kwa maana ya kufufuka. Mfanano huo unavutia, lakini mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi asili ya neno, na sitaujengea hoja. Kinachotosha hapa ni kwamba jamii ilikuwa na jina la jambo hili, na kwamba jina hilo lilibeba maarifa kamili: mahali pake, saa zake, kimo chake, na namna ya kuepukana nalo.

3.0 Gesi iliyotangulia viwanda

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480. Katika tabaka zake za chini zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikipimwa kwa ujazo ambao zingekuwa nao juu ya uso wa ziwa. Nikigeuza kiasi hicho cha hewa ukaa kuwa uzito, ninapata karibu tani milioni 600. Kinachoishikilia gesi hiyo ni uzito wa maji yaliyo juu yake na tofauti ya chumvi kati ya tabaka na tabaka, ambayo huyazuia maji ya chini yasipande. Kwa maneno mengine, ziwa letu ni bohari ya hewa ukaa ambayo haikujengwa na mtu, na watu wapatao milioni mbili wanaishi kandokando yake.

Bohari ya namna hiyo ikifunguka hutokea nini? Jibu lilitoka Kamerun. Mwaka 1984 watu 37 walikufa karibu na Ziwa Monoun. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, Ziwa Nyos lilitapika wingu la hewa ukaa lililoteremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya ng’ombe. Wengi walikufa mahali walipokuwa, baadhi wakiwa usingizini. Kuanzia mwaka 2001 bomba la kudumu liliwekwa Nyos ili kuitoa gesi kidogokidogo. Tangu hapo, kila Nyiragongo inapolipuka, swali la Nyos huulizwa Goma na Gisenyi. Mwezi Januari 2002 lava ilipita katikati ya jiji na kuingia ziwani, ziwa likatulia. Mwezi Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku chache baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama kwa hofu kwamba magma ilikuwa imesogea chini ya jiji na chini ya ziwa. Mara hiyo pia ziwa lilitulia. Lakini walioondoka usiku na magodoro kichwani hawahitaji kuelezwa kwamba gesi inaweza kukaa chini kwa muda mrefu na bado ikatisha.

Upande wa pili wa historia hii hausimuliwi sana. Watafiti wa Kibelgiji walikuwa wameichunguza gesi ya Kivu tangu miaka ya 1930, na katika miaka ya 1960 methani yake ilianza kutumiwa na kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 ulizinduliwa kutokea Karongi. Namna unavyofanya kazi inastahili kusomwa na kila anayeandika sera ya kunasa hewa ukaa. Maji huvutwa kutoka kina kinachozidi mita 300. Yakipanda mgandamizo hupungua na gesi hutoka kwa mapovu, kama chupa ya soda inapofunguliwa. Kisha gesi huoshwa kwa maji. Kwa kuwa hewa ukaa huyeyuka majini kwa urahisi zaidi kuliko methani, sehemu yake kubwa huondoka na maji hayo, nayo maji hurudishwa kilindini ili tabaka za ziwa zisivurugwe. Kutenganisha, kuosha, kurudisha chini: tayari tunanasa hewa ukaa na kuirudisha ilikotoka, ingawa hakuna anayeiita kazi hiyo kwa jina hilo.

Kuna pia wanaoichimba. Nchini Kenya, hewa ukaa ya asili imekuwa ikichimbwa katika eneo la Kereita, Kiambu, na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji. Nchini Tanzania, visima vya eneo la Kyejo, wilayani Rungwe, hufanya kazi hiyohiyo. Ni kinaya ambacho sijakizoea: tunachimba hewa ukaa iliyokuwa imetulia ardhini ili soda itoe mapovu, huku matanuri ya saruji yakitoa hewa hiyohiyo kwenye dohani bila kuitumia. Mshauri wa sera anayetafuta mahali pa kuanzia bila gharama kubwa angeanza na kinaya hiki.

Visima vya Kereita na Kyejo vina ushahidi mwingine. Vinathibitisha kwamba miamba ya Bonde la Ufa inaweza kuishikilia gesi hii kwa muda mrefu sana. Mazuku yanathibitisha kwamba miamba ya bonde hilohilo inaweza kuiachia. Ushahidi huu wote ni wetu, na hakuna upande mmoja unaofuta mwingine.

4.0 Njia nne na safari zake

Sasa tugeukie teknolojia zenyewe. Zinazungumzwa kama kitu kimoja, lakini kila moja ilizaliwa peke yake, na kwa sababu ambayo mara nyingi haikuhusu tabianchi.

Kunasa ndiko kulikotangulia. Mwaka 1930 Mmarekani R. R. Bottoms alipata hataza ya njia ya kusafisha gesi kwa kemikali za jamii ya amini. (Jina hilo linatamkika kama kitenzi chetu cha kuamini, hayana uhusiano.) Kemikali hiyo ikiwa baridi huishika hewa ukaa, ikipashwa moto huiachia, kisha hutumika tena. Lengo lilikuwa kusafisha gesi ya kuuzwa. Takriban karne moja baadaye kanuni ni ileile, na tatizo ni lilelile: moto wa kuiachilisha gesi unahitaji nishati nyingi, kwa hiyo kiwanda kinachonasa hula sehemu ya umeme au mvuke ambao kingeutumia kuzalishia.

Kwa ukanda wetu, mahali ambapo hoja ya kunasa ina nguvu ni saruji. Mawe ya chokaa yanapochomwa tanurini huachia hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe, na sehemu hiyo ni takriban asilimia sitini ya hewa yote ya kiwanda. Hata tukiwasha matanuri ya Tororo, Hima, Bugarama au Wazo Hill kwa umeme wa maji mtupu, jiwe litaendelea kutoa gesi yake. Mwaka 2025 kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwei, kilizindua mtambo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Ni mfano wa kufuatilia, kwa tahadhari moja: nyuma yake kuna hazina ya serikali tajiri iliyolipa sehemu kubwa ya gharama.

Kusafirisha huonekana kuwa jambo la mafundi wa mabomba, na huandikiwa aya moja katika sera nyingi. Nadhani hilo ni kosa. Hewa ukaa husafirishwa ikiwa imegandamizwa hadi kuwa nzito karibu kama kimiminika. Marekani ina uzoefu wa mabomba haya tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2000 bomba la kilomita zipatazo 320 limekuwa likiitoa hewa ukaa North Dakota hadi visima vya mafuta vya Weyburn, Kanada. Rekodi yake kwa jumla ni nzuri. Lakini tarehe 22 Februari 2020, baada ya mvua nyingi, udongo uliporomoka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, na bomba likapasuka. Wingu lilishuka hadi kijijini. Magari yalizimika barabarani kwa sababu injini zilikosa oksijeni. Watu wapatao 200 walihamishwa na 45 walitafuta matibabu hospitalini. Hakuna aliyekufa. Waokoaji wa mwanzo hawakujua wanakabiliana na nini.

Niliposoma taarifa za Satartia nilitambua kila kitu: bonde, wingu la chini, watu wanaoanguka bila kuona moto wala kusikia mlio. Yalikuwa mazuku yaliyosababishwa na bomba. Mwanakijiji wa Bulengo au Mugunga angewaambia waokoaji wale wapande juu. Ndiyo maana ninashikilia kwamba neno hili liingizwe katika miongozo ya usalama ya mabomba katika ukanda huu, tena lionekane kwenye vibao vya tahadhari, badala ya “uvujaji wa dioksidi ya kaboni”, maneno yasiyomkimbiza mtu yeyote.

Kuhusu kutumia, nitasema machache, kwa kuwa ndiyo njia inayosifiwa zaidi na inayotatua machache zaidi. Soda ikifunguliwa, hewa ukaa imerudi angani. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa hewa ukaa na amonia, lakini ikishawekwa shambani huiachia hewa hiyo. Matumizi yaliyo makubwa kuliko yote yamekuwa kuisukuma hewa ukaa kwenye visima vya mafuta vilivyopungua nguvu ili mafuta yaliyobaki yatoke. Mengi ya mabomba ya Marekani yaliwekwa kwa ajili hiyo. Sehemu ya gesi hubaki chini kwa kweli, ila mafuta yaliyotoka nayo huchomwa. Uganda, ambayo inajiandaa kuzalisha mafuta ya bonde la Ziwa Albert, italetewa pendekezo hili siku moja likiwa limevalishwa nguo ya tabianchi. Ni vizuri hesabu ya pande zote mbili iwe mezani siku hiyo.

Tunafika kwenye hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini cha jambo. Historia yake ya kisasa ilianza kwa kodi. Mwaka 1991 Norwei iliweka kodi ya hewa ukaa kwa uchimbaji wa mafuta na gesi baharini. Gesi ya eneo la Sleipner ilikuwa na hewa ukaa ya takriban asilimia tisa, ilhali soko lilikubali isiyozidi asilimia mbili na nusu. Hewa hiyo ilipaswa kuondolewa kwa vyovyote vile. Kwa kuwa kuiachia angani sasa kuligharimu fedha, kuanzia mwaka 1996 iliingizwa katika mwamba wa mchanga wa Utsira, ulio zaidi ya mita 800 chini ya bahari, kwa kiasi cha karibu tani milioni moja kwa mwaka. Kina hicho hakikuchaguliwa ovyo: kuanzia hapo mgandamizo wa ardhi huifanya gesi iwe nzito na ichukue nafasi ndogo. Juu yake upo mwamba wa udongo mgumu usiopitisha gesi, ambao naupendekezea jina la mwamba kifuniko. Kwa kulinganisha tu: kwa kasi ya Sleipner ingechukua karibu miaka 600 kuingiza ardhini kiasi ambacho Ziwa Kivu tayari linakishikilia.

Afrika nayo ina historia hapa, na inashangaza jinsi inavyosahaulika katika mikutano yetu. Kuanzia mwaka 2004, huko In Salah katikati ya jangwa la Aljeria, hewa ukaa iliyotenganishwa na gesi asilia iliingizwa kwenye mwamba wa mchanga wenye kina cha karibu kilomita 1.9. Kufikia mwaka 2011 tani zipatazo milioni 3.8 zilikuwa zimeingia. Kisha kazi ikasimamishwa. Setelaiti zilikuwa zimeonyesha kwamba ardhi juu ya visima ilikuwa ikiinuka kwa milimita chache kila mwaka, na vipimo vikazua wasiwasi kwamba mgandamizo ulikuwa umeanza kuufikia mwamba kifuniko. Kazi ilisimama kwa sababu kulikuwa na watu wanaopima, na vipimo vyao vilisikilizwa. Kila ninapoambiwa kwamba upimaji baada ya kisima kufungwa ni gharama inayoweza kupunguzwa, mimi huwataja watu hao wa In Salah.

Njia tofauti ilijaribiwa Aislandi. Katika mradi wa CarbFix, kuanzia mwaka 2012, hewa ukaa iliyeyushwa majini na kuingizwa kwenye miamba ya basalti, ambako hugeuka kuwa jiwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe katika muda usiofika miaka miwili. Jiwe halitoki bondeni alfajiri. Kwa nchi zenye miamba ya volkano kama zetu, habari hii ni njema, na tayari nchini Kenya kampuni changa zimeanza majaribio ya kunasa hewa ukaa moja kwa moja angani kwa msaada wa joto la ardhini la Bonde la Ufa. Lakini kila tani moja ya hewa ukaa katika njia ya Aislandi ilihitaji takriban tani 25 za maji. Aislandi ina maji mengi kuliko watu. Anayepanga kufanya hivyo Naivasha au Gilgil atalazimika kueleza maji hayo yatatoka kwenye mgao wa nani.

5.0 Kitenzi kinachofaa

Turudi kwa mzee wa kijijini. “Kuhifadhi”, lenye asili ya Kiarabu, ni kutunza kitu chenye thamani ili kisipotee: tunahifadhi Kurani, chakula, mazingira, maiti kabla ya mazishi. Kitu kilichohifadhiwa kinatarajiwa kutumiwa au kuonekana tena. Hewa ukaa iliyoingizwa mwambani haitarajiwi kuonekana tena kamwe. Ukiongeza kwamba katika maeneo ya mbuga neno hilo limekuwa jina la ardhi iliyotwaliwa, unaona kwamba swali lake halikuwa la ujinga. Lilikuwa usomaji sahihi wa Kiswahili tulichomwandikia.

Baadhi ya wenzangu wamependekeza “kuzika”. Ni neno lenye nguvu, na ninaelewa mvuto wake, lakini tatizo lake liko katika desturi. Tukishazika na siku za matanga zikaisha, wafiwa hurudi kazini. Hakuna anayeweka mlinzi kaburini kwa karne nzima. “Kufukia” nalo ni neno la takataka na mashimo, na hudokeza kwamba kinachohitajika ni udongo wa kutosha juu. “Kunasa”, kwa hatua ya kwanza, ninalikubali bila shida: mtego hunasa, na kila mwenye mtego anajua kwamba usiporudi kuuangalia umepoteza ulichonasa.

Kwa hatua ya nne ninapendekeza “kufungia”. Tunafungia mbuzi zizini na mtu rumande. Kitu kilichofungiwa ki hai, kina nguvu ya kutoka, na kwa hiyo neno lenyewe linauliza: mlango uko wapi, ufunguo uko kwa nani, na nani analala karibu? Mpingaji atasema kwamba neno hili litatisha watu na kuzuia miradi yenye manufaa. Uzoefu wa Uholanzi unaonyesha kinyume. Katika mji wa Barendrecht, mpango wa kuingiza hewa ukaa katika visima vya gesi vilivyoisha chini ya makazi ulifutwa mwaka 2010. Hakukuwa na ajali. Wakazi walihisi kwamba uamuzi ulikuwa umefanywa kabla hawajaulizwa. Hapakukosekana maneno laini.

Sayansi yenyewe haihitaji kulindwa na maneno laini. Ripoti maalumu ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2005 ilikadiria kwamba, katika maeneo yaliyochaguliwa na kusimamiwa vizuri, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba zaidi ya asilimia 99 ya gesi itabaki chini kwa miaka 100, na uwezekano mkubwa kwamba itabaki hivyo kwa miaka 1,000. Uzito wa sentensi hiyo uko katika maneno “yaliyochaguliwa na kusimamiwa vizuri”. Katika tafsiri ya Kiswahili niliyopewa kuhariri, maneno hayo yalikuwa yameachwa ili sentensi iwe fupi.

Usimamizi una muda, na muda lazima uandikwe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inataka mwendeshaji abaki na jukumu la kisima kwa muda usiopungua miaka 20 baada ya kukifunga, isipokuwa mamlaka iridhike mapema kwamba gesi imetulia kabisa. Ndipo jukumu huhamia kwa serikali. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Ziwa Kivu liliingia lote ndani ya Jumuiya, pamoja na Goma, mabonde yake na lugha yake. Sheria za hewa ukaa zitakazoandikwa sasa zitasomwa kwa Kiswahili pande zote mbili za ziwa, na gesi haitambui mpaka wa Rubavu na Goma.

Rasimu tuliyoifanyia kazi katika ile warsha ilisema: “Mwekezaji atahifadhi hewa ukaa kwa usalama.” Ninapendekeza isomeke hivi: “Mwekezaji ataifungia hewa ukaa ndani ya mwamba, ataipima kila mwaka na kuyatangaza matokeo kwa lugha ya wakazi wa eneo hilo, na atawajibika kwa mazuku yoyote yatakayotoka katika kisima au bomba lake kwa muda wa miaka isiyopungua 20 baada ya kisima kufungwa.” Idadi ya miaka inaweza kujadiliwa. Nilimsomea mzee sentensi hiyo kwa simu, naye akasema ishirini ni michache, kwa kuwa yeye mwenyewe ana sabini na mbili na bado anashuka shambani.